Taka zilipohamia majumbani: uzoaji na urejelezaji wakati wa Uviko-19

Muulize mtu yeyote taka zilikuwaje wakati wa Uviko-19, atakujibu kwamba ziliongezeka. Atakutajia barakoa zilizozagaa kando ya barabara, glavu, chupa za vitakasa mikono na vyombo vya plastiki vya chakula cha kuagiza. Hajakosea, ila ameshika mkia wa jambo. Kwa wenye kazi yao, kuanzia madereva na wazoaji hadi wasimamizi wa madampo na viwanda vya kuchambua taka, shida kubwa ya majuma yale ya kwanza ilikuwa kwamba taka zimehama. Ofisi, hoteli, shule na migahawa ilifungwa, na vilivyokuwa vikitupwa huko vikaanza kutupwa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha, ramani ya taka katika miji mingi ilikuwa imepinduka.

Kwa nini kuhama kuwe tatizo kubwa kuliko kuongezeka? Tuanze na gari lenyewe.

Hoteli ina kontena moja kubwa. Gari linafika, linaingiza mikono yake ya chuma, linanyanyua, linamwaga, linaondoka. Ni kazi ya dakika chache, na dereva anaweza kuimaliza peke yake. Uzito uleule ukitawanywa majumbani unahitaji gari la aina nyingine, lenye wapakiaji nyuma, likisimama mlango kwa mlango mara mamia. Kwa hiyo gari la hoteli lililokosa kazi haliwezi kuazimwa tu likaingia mtaani. Halina umbo la kazi hiyo, na pengine hata si mali ya manispaa. Katika nchi nyingi taka za biashara huzolewa na kampuni binafsi kwa mikataba ya kulipana kwa kontena au kwa uzito, ilhali za majumbani huzolewa na halmashauri, au kwa niaba yake, kwa kodi au ada isiyopanda wala kushuka. Fedha nazo zikaenda kombo kwa njia hiyohiyo: kampuni zilipoteza wateja wanaolipa vizuri, halmashauri zikapata mzigo mpya bila mapato mapya.

Nchini Marekani, chama cha wataalamu wa taka ngumu kiitwacho SWANA kilieleza kwamba katika miezi ya mwanzo ya janga taka za majumbani zilipanda kwa hadi asilimia 20 hivi, huku za biashara zikiporomoka. Asilimia 20 inasikika ndogo. Lakini njia ya gari la taka hupangwa ili lijae karibu na mwisho wa zamu. Likijaa wakati bado kuna nyumba mia mbili mbele, halina budi kwenda dampo, kupanga foleni kwenye mzani, kumwaga na kurudi. Mifuko michache ya ziada kwa kila mlango huzaa safari nzima ya ziada, na safari hiyo ndiyo inayowakuta watu barabarani hadi jioni.

Bega kwa bega

Mbele ya gari la taka huketi dereva na wapakiaji wawili, wakati mwingine watatu, wamebanana kwa zamu nzima. Kwa ugonjwa unaosafiri na pumzi, hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Halmashauri nyingi zikaamua dereva akae na mtu mmoja au peke yake, na wapakiaji wafuate nyuma kwa gari dogo. Madirisha yakaachwa wazi, usukani na vitasa vikapanguswa kila zamu.

Mbinu iliyosaidia zaidi haikuhitaji kifaa chochote. Vikundi vilifungwa: watu walewale, gari lilelile, kila siku, bila kubadilishana. Saa za kuanza kazi zikapishanishwa ili kundi moja liwe limeshaondoka kwenye yadi kabla jingine halijafika. Hesabu yake ni nyepesi. Ukichanganya watu kila asubuhi, mgonjwa mmoja anaweza kulaza yadi nzima karantini. Ukiwafunga katika vikundi, mgonjwa mmoja analaza gari moja. Hilo ndilo lililokuwa likiwanyima usingizi wasimamizi, maana mji unaweza kuvumilia maktaba iliyofungwa miezi mitatu, lakini hauvumilii chakula kilichooza mlangoni wiki tatu. Na kwa kweli baadhi ya watumishi wa huduma zilizofungwa walihamishiwa kwenye taka kuziba mapengo. Mtu aliyezoea kazi ya dawati alijikuta anasukuma mapipa alfajiri. Nadhani ni katika majuma hayo ndipo wengi walipogundua kwamba uzoaji taka ni kazi ya ujuzi. Kuna namna ya kunyanyua, kuna namna ya kusimama nyuma ya gari linalorudi kinyumenyume, na kuna mitaa ambayo ramani inasema gari linapita na dereva mwenyeji anajua halipiti.

Kipi kiachwe kwanza?

Watumishi wakipungua na mzigo ukipanda, mtu lazima aamue kipi kisizolewe. Uamuzi huu haukuwa wa kubahatisha. Uingereza, wizara inayohusika na mazingira ilitoa mwongozo mwaka 2020 wa kuzisaidia halmashauri kupanga vipaumbele. Taka za kawaida zisizorejelezwa, mabaki ya chakula na taka za matibabu ziliwekwa juu. Vitu vya kurejelezwa vilifuata katikati. Majani ya bustani na vitu vikubwa kama makochi vilikaa chini.

Mantiki yake ni ya afya, na haina ubishi mkubwa. Kinachooza huleta harufu, nzi na panya. Chupa ya kioo iliyosuuzwa inaweza kukaa chini ya ngazi mwezi mzima isimdhuru mtu. Hata hivyo mpangilio huo ulifichua jambo ambalo katika kampeni za mazingira huwa halisemwi waziwazi: katika miji mingi urejelezaji umejengwa kama ghorofa ya pili juu ya uzoaji. Tetemeko likija, ghorofa hiyo ndiyo inayoyumba kwanza. Jiji la New York lilisitisha uzoaji wa mabaki ya chakula kwa ajili ya mboji kuanzia tarehe 4 Mei 2020, na sababu iliyotajwa ilikuwa bajeti. Taka zisizo na mpango wa kurejelezwa ziliendelea kuondoka mitaani.

Sababu ya pili iko ndani ya viwanda vya kuchambua taka. Watu wengi hudhani kwamba wakishatupa chupa kwenye pipa la urejelezaji, mashine inamaliza kazi. Mashine zipo: sumaku hunasa chuma, upepo hutenga karatasi, macho ya taa hutambua aina za plastiki. Lakini kando ya mkanda unaosafirisha taka bado husimama watu, mkono karibu na mkono, wakitoa nepi, nyaya na mifuko isiyotakiwa. Kuwatenganisha hatua mbili mbili maana yake ni kupunguza watu, na kupunguza watu maana yake ni kupunguza kasi ya mkanda au kukubali mzigo mchafu zaidi. Viwanda vingine viliweka vioo vya plastiki kati ya mchambuaji na mwenzake, vingine vikasimama kabisa kwa muda. Vyenye fedha viliharakisha ununuzi wa roboti za kuchambua, ambazo hazikohoi.

Hofu ya mfuko

Mwezi Machi 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya maabara yaliyosomwa na kila mhandisi wa taka duniani: virusi vilivyopuliziwa juu ya plastiki viliweza kugundulika vikiwa hai hadi saa 72, na juu ya boksi hadi saa 24. Mtu anayeshika mifuko ya wengine kutwa nzima angesomaje habari hiyo asiogope?

Hapo ndipo zilipozaliwa kanuni ambazo wengi tulizisikia bila kuambiwa zimetoka wapi. Uingereza, nyumba yenye mtu mwenye dalili ilitakiwa kuweka tishu na barakoa zake kwenye mfuko, mfuko huo ndani ya mfuko mwingine, kisha kuuweka kando saa 72 kabla ya kuutoa nje. Italia ilikwenda mbali zaidi. Taasisi yake ya taifa ya afya ilishauri nyumba zenye wagonjwa ziache kabisa kutenganisha taka: kila kitu kiingie mfuko mmoja, ufungwe ndani ya mingine, uende moja kwa moja na taka mchanganyiko. Nchi iliyotumia miaka kuwafundisha watu kutenganisha karatasi na plastiki ikawaambia wagonjwa wasahau somo hilo kwa muda. Viwanda navyo viliacha mizigo ilale kabla ya kuiweka kwenye mkanda. Njia hiyo ni ya bei nafuu mpaka pale banda linapojaa, na mabanda hayakujengwa ya kulaza mzigo wa siku tatu.

Je, ilikuwa lazima? Kwa yaliyojulikana wakati ule, tahadhari ilistahili. Kwa yaliyokuja kujulikana, uso wa mfuko ulikuwa hatari ndogo sana. Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilikadiria kwamba kugusa sehemu yenye virusi mara moja kuna uwezekano wa chini ya 1 kati ya 10,000 wa kusababisha maambukizi. Hatari ilitoka kwa mwenzako aliyeketi kando yako garini zaidi kuliko kwa mfuko uliounyanyua. Kanuni nyingine za mifuko zilidumu kuliko sababu yake, kama mgeni asiyejua saa ya kuaga. Huku hatari ya zamani, sindano iliyotupwa ovyo ndani ya mfuko laini, ilibaki palepale ilipokuwa kabla ya korona.

Hospitali zilipofurika

Kuna kona moja ambako taka ziliongezeka kwelikweli, tena kwa kishindo. Wuhan ilikuwa ikizalisha takriban tani 40 za taka za hospitali kwa siku kabla ya mlipuko. Kwenye kilele chake zilifika takriban tani 240. Hakuna mji unaojenga matanuri ya kuteketezea mara sita ya mahitaji yake kwa sababu tu huenda siku moja yakahitajika. Wuhan ililetewa matanuri ya kuhamishika na ikatumia pia mitambo iliyokuwa ya kazi nyingine, hadi uwezo ukaufikia mzigo.

Baadaye ikaja dunia nzima. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Februari 2022 ilitaja tani 87,000 hivi za vifaa kinga vilivyonunuliwa na kusafirishwa kupitia mpango mmoja tu wa Umoja wa Mataifa kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, ambavyo vingi vyake vilitarajiwa kuishia kuwa taka. Dozi bilioni 8 za kwanza za chanjo zilileta tani 144,000 za mabomba ya sindano, sindano na visanduku vya kuzihifadhia. Ripoti hiyohiyo ilisema asilimia 30 ya vituo vya afya duniani havikuwa na uwezo wa kuhudumia taka walizokuwa nazo tayari, na katika nchi maskini zaidi ni asilimia 60.

Unaposoma tarakimu hizo ni rahisi kudhani kwamba dawa ni kujenga matanuri zaidi. Wataalamu wa taka za hospitali wana jibu jingine, la kuchosha lakini la kweli: chambua pale pale kitandani. Katika hali ya kawaida, karibu asilimia 85 ya taka za hospitali hazina madhara zaidi ya taka za nyumbani: maboksi, karatasi, mabaki ya chakula. Hofu ilipoingia, kila kilichotoka wodi ya korona kilitupwa kwenye mfuko wa taka hatarishi, pamoja na maganda ya machungwa ya mgonjwa. India ilikumbana na hali hii waziwazi. Bodi kuu ya udhibiti wa uchafuzi ilianza na kanuni kali za mifuko ya manjano ya taka hatarishi na programu ya simu ya kufuatilia mizigo, kisha ikalazimika kurudi na kusisitiza kwamba taka za kawaida zisichanganywe na za manjano, maana matanuri yalikuwa yanachoma vitu visivyohitaji moto. Barakoa za watu wasio wagonjwa zilielekezwa zihifadhiwe saa 72 kwenye mfuko wa karatasi, zikatwe, ndipo zitupwe na taka kavu. Kukatwa kulikuwa na maana yake: barakoa nzima iliyookotwa inaweza kufuliwa na kuuzwa tena.

Boksi lapanda cheo

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoiona ya kuvutia kuliko zote, ingawa haizungumzwi sana: soko.

Urejelezaji ni biashara ya marobota. Kiwanda cha kuchambua kinakandamiza karatasi, maboksi, makopo na plastiki, kila aina kwa robota lake, na kuuza kwa anayezihitaji kama malighafi. Maboksi yaliyotumika hutoka zaidi madukani, mahali ambapo yanakusanywa mengi kwa mkupuo, makavu na safi. Maduka yalipofungwa, chemchemi hiyo ilikauka. Wakati uleule watu walikuwa wanaagiza bidhaa mtandaoni kuliko wakati wowote, kila bidhaa ndani ya boksi lake. Maboksi hayakupungua duniani, yalikuwa yamekaa sebuleni kwa watu, yameloa, yamechanganyika na mabaki ya chakula, wakati mwingine katika mitaa ambako gari la urejelezaji limesimamishwa. Nchini Marekani bei ya robota la maboksi ilipanda kwa kasi katika miezi hiyo.

Karatasi nyeupe za ofisini nazo zilitoweka, na humo mna kichekesho kidogo. Karatasi hizo ni mojawapo ya malighafi za karatasi za chooni. Watu walikuwa wanagombania karatasi za chooni madukani huku ofisi zinazolisha viwanda vyake zikiwa zimefungwa. Aliyekuwa anasema urejelezaji ni mapambo ya nchi tajiri angepaswa kumsikiliza mwenye kiwanda cha karatasi mwezi Aprili 2020.

Plastiki ilipata pigo kutoka upande wa pili. Plastiki mpya hutokana na mafuta na gesi. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mafuta ghafi ya Marekani kwa mikataba ya mwezi uliofuata ilishuka chini ya sifuri, hadi hasi dola 37.63 kwa pipa. Mafuta yakiwa rahisi hivyo, chupa mpya hutengenezwa kwa bei ambayo chupa iliyokusanywa, ikaoshwa, ikasagwa haiwezi kuishinda. Na wakati plastiki iliyorejelezwa inakosa mnunuzi, plastiki ya kutupwa ilikuwa inarudishwa kwa heshima. Majimbo kadhaa ya Marekani yaliahirisha au kusimamisha marufuku ya mifuko ya plastiki, California kwa siku 60. Migahawa ilikataa vikombe ambavyo wateja walikuja navyo kutoka nyumbani.

Mfano wa Michigan unaonyesha jinsi nyuzi hizi zilivyofungamana. Jimbo hilo hutoza senti 10 kwa kila kopo au chupa ya kinywaji na kuzirudisha unapoleta chombo kitupu dukani. Tarehe 23 Machi 2020 urejeshaji ulisimamishwa ili wauza maduka wasishike makopo ya watu. Watu hawakuacha kunywa. Makopo yalirundikana gereji kwa miezi karibu mitatu, hadi urejeshaji ulipofunguliwa tena tarehe 15 Juni na foleni zikazunguka maduka. Katika mwaka huohuo watengenezaji wa vinywaji walikuwa wanalalamika uhaba wa makopo ya alumini.

Milango iliyofungwa

Vituo ambavyo wananchi hupeleka wenyewe magodoro, mbao na vifaa vibovu vilifungwa Uingereza mwishoni mwa Machi 2020, na vingi vilifunguliwa tena Mei kwa masharti: kupanga saa mtandaoni mapema, au kuingia kwa zamu kulingana na namba za gari. Kipindi hicho cha kati kilikutana na watu waliokaa nyumbani bila kazi nyingi, wakasafisha stoo walizoziahidi miaka kumi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, halmashauri za England ziliandikisha matukio milioni 1.13 ya taka kutupwa ovyo, ongezeko la asilimia 16. Siwezi kusema yote yalitokana na milango iliyofungwa, lakini mwenye godoro bovu na gari la kukodi hatafuti sababu nyingi. Utaratibu wa kupanga saa mtandaoni ulipendwa na baadhi ya halmashauri hadi ukabaki baada ya janga.

Wasiokuwa kwenye orodha

Yote niliyoeleza yanahusu huduma zenye magari, mikataba na mwongozo wa wizara. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2013 kwamba watu milioni 19 hadi 24 wanaishi kwa kazi za taka na urejelezaji, na kati yao ni milioni 4 tu walio katika ajira rasmi. Waliobaki ni waokotaji wa chupa, makopo na vyuma chakavu, na katika miji mingi wao ndio huduma ya urejelezaji yenyewe.

Kwao kufungiwa ndani kulikuwa na maana tatu kwa mpigo. Hawakuwa na kitambulisho cha mfanyakazi muhimu cha kumwonyesha askari barabarani. Wanunuzi wa skrapa walifunga, kwa hiyo hata alichookota hakikuwa na pa kwenda. Na ile mifuko miwili miwili iliyofungwa kwa usalama wa mzoaji rasmi ilimlazimu mwokotaji aipasue kwa mikono mitupu ili afikie chupa. Nchini Brazil miji mingi ilisimamisha uzoaji wa taka zilizotenganishwa, na vyama vya ushirika vya waokotaji vikakaa bila mzigo. Kwa upande mwingine, Pune nchini India, ushirika wa SWaCH unaomilikiwa na waokotaji wenyewe ulikuwa tayari na mkataba na manispaa wa kuzoa nyumba kwa nyumba. Wanachama wake waliendelea na kazi wakati wa amri ya kutotoka nje, wengi wao wanawake, kwa sababu kwenye karatasi za manispaa walikuwa wanahesabika kama huduma.

Mawimbi yaliyofuata yalirudia mpangilio uleule. Majira ya joto ya 2021 Uingereza ilipungukiwa madereva wa malori, na halmashauri nyingi zikasitisha uzoaji wa majani ya bustani. Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipolaza wafanyakazi Januari 2022, Atlanta ilitangaza kwamba vitu vya kurejelezwa vitazolewa pale tu wafanyakazi watakapotosha, taka za kawaida zikitangulia. Na New York, ambako uzoaji wa mabaki ya chakula ulisimamishwa kwa tangazo moja Mei 2020, huduma ilirudi kidogo kidogo kuanzia 2021, mtaa baada ya mtaa, hadi ikafika jiji zima mwezi Oktoba 2024.